Kabureta ya Zamani au Mpya? Nimejaribu Zote Mbili Kwenye Honda CG125 ya Mjomba

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena hapa uani kwangu Nyalenda, Kisumu. Hapa mezani nina kabureta mbili, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Hii nyeusi nyeusi, iliyojaa mikwaruzo, ni ya kampuni ya Keihin, iliyokuja na pikipiki yenyewe. Hii inayong'aa nimeinunua Kondele kwa shilingi 1,800, ni ile yenye mdomo wa milimita 26. Zote nimezifunga kwenye pikipiki moja nikaziendesha, na leo nawaambia niliyoyaona. Najua wengi wenu mna pikipiki ya mzee imeegemea ukuta wa ghala, na fundi wa kwanza mtakayemwita atasema, "Kabureta imekufa, leta nyingine." Naomba mnisikilize kabla hamjatoa pesa.

Pikipiki ndiyo hii. Honda CG125 ya mwanzo wa miaka ya 80, ile ya umeme wa volti 6 na pointi, vile vibati viwili vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche. Mjomba alikuwa mwalimu kule Nyakach, akaiendesha kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo mvua ikinyesha. Alipostaafu akaiweka, ikakaa miaka 13 bila kuguswa. Siku aliyonipa ufunguo alisema neno moja tu: "Okewa (yaani mpwa, kwa Kijaluo), usiiuze kwa watu wa vyuma chakavu." Sitaiuza.

Na mjue hii si pikipiki ya kudharau. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakiwafikiria watu kama sisi, barabara za vumbi na oili inayobadilishwa mtu akikumbuka. Kwa hiyo hawakuweka cheni ya taimingi ndani ya injini. Kemu, ile shafti yenye nundu inayofungua valvu, iko chini, inazungushwa kwa gia, halafu fito mbili zinapanda juu kusukuma valvu. Tena kemu yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi ya valvu zote mbili! Nilipoifungua nikakaa kitako nikaitazama kwa muda mrefu. Mtu aliyefikiria hivyo alitupenda.

Wachina wakaiga injini hii, na bodaboda nyingi zinazopita hapo nje zimezaliwa na muundo huo huo. Faida yake kwetu ni kubwa: ringi, gasketi, sahani za klachi, vyote nimevipata kwenye maduka ya spea za bodaboda na vimekaa sawa. Ila nendeni na kipimo mkononi. Pistoni ya CG125 ni milimita 56.5. Mimi nilipewa ya injini ya 150, ambayo ni 62, na muuzaji akaniapia kwamba itaingia. Haiingii.

Sasa tangi, kwa sababu kabureta haiwezi kupona kama tangi ni gonjwa. Hewa ya ziwa hapa ina unyevu, na tangi lililokaa tupu huliwa na kutu kutoka ndani. Nilimwaga siki nyeupe, nikatia kipande cha cheni kuukuu, nikawa nalitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Yaliyotoka yalikuwa tope jekundu. Kisha nikasuuza kwa maji yenye magadi, hii hii ya kulainishia mboga, maana siki ikibaki itaendelea kula chuma. Halafu fanyeni upesi: kaushia juani, mwageni petroli iliyochanganywa na oili kidogo, mtikise mpaka ndani kote kulowe. Mkilala bila kufanya hivyo, asubuhi mtakuta kutu mpya. Na kazi hii yote iwe mbali na jiko, tafadhali.

Haya, kabureta. Hii ya zamani nilipoifungua, petroli ilikuwa imegeuka gundi ya kijani. Boya linalopima petroli kwenye bakuli limenata, na jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli, imeziba kabisa. Na hapo ndipo kabureta nyingi huuawa, kwa sababu mtu anachukua waya wa chuma au sindano anatoboa. Tundu la jeti limepimwa kiwandani, ukilipanua kidogo tu, petroli inapita kupita kiasi na hakuna wa kulirudisha. Mimi nililoweka kila kitu kwenye petroli safi usiku kucha, nikachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa taa, mlaini, nikaupitisha polepole. Kisha nikaenda kwa jirani yangu wa pancha, akanipulizia upepo wa kompresa. Ishike jeti uitazame juani: ukiona duara safi la mwanga, imefunguka. Ukiona mwezi mwandamo, rudi ukaloweke tena.

Nilibadilisha raba ya bakuli na sindano ya boya pekee. Shilingi 350.

Lakini nilitaka haki itendeke, kwa hiyo hii mpya ndiyo niliyoanza kuifunga. Iliwaka kwa kiki ya pili, nikafurahi. Furaha ikaishia Mamboleo. Ukifungua mafuta kwa ghafla inakwama, inameza mate, ndipo inaamka. Kupanda mlima wa Riat ilibidi nishuke mpaka gia ya pili. Nilipofungua plagi ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Sababu inaeleweka: mdomo wake ni mpana kuliko wa ile ya asili, kwa hiyo mwendo ukiwa mdogo hewa inapita kwa ulegevu na haivuti petroli vizuri. Ukifungua zaidi, jeti yake kubwa inamwaga petroli nyingi. Na sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, petroli ya ziada haina hewa ya kuungua nayo.

Nikairudisha Keihin. Nikapima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.08 zote mbili. Nikazisugua pointi na kuacha nafasi ya milimita kati ya 0.3 na 0.4. Nikaweka plagi mpya, D8EA, nafasi 0.6. Riat nilipanda kwa gia ya tatu bila kelele. Jumapili iliyofuata nikaenda nayo mpaka Maseno, pale mstari wa ikweta unapokata barabara, nikafungua plagi kando ya njia. Rangi yake ilikuwa ya matofali yaliyoiva. Hiyo ndiyo rangi tunayoitafuta.

Kwa hiyo hukumu yangu: hii mpya si takataka. Kama ya asili imepasuka au imeliwa mpaka slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ukifungua mafuta, inacheza, inunueni, lakini tengeni pesa za jeti ndogo zaidi na muda wa kuijaribu. Kama ya asili ni nzima, hata iwe chafu namna gani, msiitupe.

Jambo moja kuhusu breki nisije nikasahau. Viatu vya breki vya miaka hiyo vinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

Kiti bado, kama mnavyoona, sponji imekwisha. Mjomba anakuja Jumamosi kuiona na nataka akae vizuri. Sasa nafungua petroli, nasubiri bakuli lijae, choki nusu. Sikilizeni, ni kiki moja.