Mazabodi ya mtumba isiyo na kitabu: uzoefu wangu

Mazabodi hii, yaani bodi kuu ya kompyuta, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 150,000, mtumba, bila boksi wala kitabu cha maelekezo. Ni ya chipu B450, inayobeba prosesa (ubongo wa kompyuta) za Ryzen za soketi ya AM4. Muuzaji aliniambia, "Kaka, kila kitu kimeandikwa humo humo kwenye bodi." Hakudanganya. Ila ni herufi za ukubwa wa sisimizi, nyingine zimejibanza chini ya kipoza (chuma cha kupoza prosesa), na karibu zote ni vifupisho.

Cha kwanza kunichanganya kilikuwa CPU_FAN. Mtaani boksi zima la kompyuta tunaliita CPU, nikachomeka hapo feni ya boksi! Kumbe hapo ni pa feni ya prosesa; ya boksi ni SYS_FAN.

Kisha zile waya nyembamba za mbele ya boksi, zinazoingia kwenye vipini (pini ndogo) tisa vya F_PANEL. PWRSW ni kitufe cha kuwashia, HDDLED ni taa ya diski, PLED ni taa ya kuonyesha imewaka. Waya za vitufe hazina upande. Za taa zinao, ukizigeuza taa haiwaki tu. Nikagusisha vipini viwili vya PWRSW kwa ncha ya bisibisi, feni zikazunguka. Nikashangilia mapema mno.

Skrini giza totoro. Nilishaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia muuzaji, ndipo mwanangu akaona kitaa chekundu, saizi ya punje ya mtama, kando ya neno DRAM. Viko vinne: CPU (prosesa), DRAM (RAM, yaani kumbukumbu), VGA (picha), BOOT (diski ya kuanzia), na kinachogoma kuzima ndicho kinachokuonyesha mashine imekwama wapi. RAM zangu mbili nilikuwa nimezitia nafasi za A1 na B1, maana kwangu moja huja kabla ya mbili. Bodi hii inazitaka A2 na B2, yaani nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nikazihamisha, nikakandamiza mpaka klipu zikalia ta! Picha ikaja.

Mwezi wa tatu nilivuruga mipangilio ya BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoanzisha mashine. Nikachomoa umeme, nikagusisha vipini vya CLR_CMOS, vya kufuta mipangilio hiyo, ikarudi kama mpya.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya maandishi ya chini ya kipoza. Siku nilipokifungua kubadilisha pesti ya kupitisha joto nilipiga picha kila kona, na sasa nikitaka kuongeza waya nazikuza kwenye simu kwanza.