Wimbo wa Pangani "haupatikani" Pangani: yaliyonikuta na muziki wa kulipia kwenye simu

Naandika nikiwa bado na hasira. Nimekaa nazo wiki kadhaa nikidhani zitapoa, wala hazijapoa.

Nimelipia programu ya muziki kwenye simu karibu miaka miwili, kila mwezi, sijaruka hata mmoja. Siku moja tu niliyoihitaji kwa dhati, ikanitia aibu mbele ya mama yangu mzazi. Jina la programu silitaji. Anayetaka kujua ina nyimbo milioni ngapi na vifurushi vyake ni bei gani aangalie mwenyewe, wameyatangaza kila mahali. Mimi nataka kusimulia ya Pangani.

Mama ni mtu mzima sasa, macho yamepungua nguvu, lakini masikio yake mazima kabisa. Yuko barazani anasikia mnachonong'ona jikoni. Anakaa ng'ambo ya mto. Unavuka kwa kivuko, unashuka Bweni, unapanda bodaboda. Mtandao kule ni wa kubahatisha: ukisimama chini ya mwembe unapata kidogo, ukiingia ndani umekatika. Kila nikimpigia simu, kabla hatujaagana lazima aseme: "Ukija niletee Shakila." Haombi khanga, haombi sukari. Anamtaka Bi Shakila Said, tena yule wa enzi za ujana wake, wa Black Star ya Tanga.

Wadogo huenda hawajui. Black Star, na baadaye Lucky Star, ndizo zilizoifanya taarabu ya Tanga iwe na sauti yake yenyewe. Unguja walikuwa na fidla, udi, kanuni, kikundi kikubwa kimeketi safu kwa safu. Tanga wakaja watu wachache na gitaa la umeme na besi, mdundo una rumba ndani yake, halafu sauti ya mwanamke inaingia juu taratibu kama mtu anayekueleza jambo lake sebuleni. Na huyo Bi Shakila ni mzaliwa wa Pangani hiyohiyo. Alipofariki Agosti 2016 mama alilia kama aliyefiwa na ndugu wa tumbo moja.

Basi nikajipanga. Nilikuwa na simu ya zamani, bado nzima, nikaona nimpelekee mama akae nayo. Nikaingia kwenye akaunti yangu, nikapakua nyimbo kama arobaini, nikahakikisha kila mmoja una ile alama ya kijani kwamba umeshuka, unasikilizika bila bando. Nikaizima, nikaifungia kabatini kabla ya mfungo, nikingoja likizo. Spika ndogo nikanunua Kariakoo. Nilikuwa na furaha ya kitoto safari nzima, hata kwenye kivuko naipapasa ile simu mfukoni.

Usiku ule, baada ya isha, mama alikuwa amejifunga khanga mpya. Majirani wawili wamekuja, wajukuu wamejaa mkekani. Spika ikalia ule mlio wake wa kuunganika. Nikagusa wimbo. Kimya. Nikagusa mwingine. Kimya. Nikasogeza simu kwenye taa nikaona majina yote arobaini yamekuwa rangi ya majivu, na juu yake maandishi: unganisha intaneti ili tuthibitishe usajili wako.

Kumbe kuna sharti kwamba simu ikikaa siku 30 bila kuingia mtandaoni, nyimbo zote ulizopakua zinafungwa. Umelipa, hujalipa, hilo halina habari. Ile alama ya kijani haikuniambia hivyo.

Nikatoka hadi chini ya mwembe na simu mbili mkononi, moja ikiipa nyingine mtandao, nimezinyanyua juu kama natafuta mwezi. Nikasimama pale muda mrefu sana. Nasikia ndani mama anawaambia watu, "Anakuja, subirini, anakuja." Hatimaye ikakubali. Nyimbo zikarudi rangi moja moja. Za Shakila hazikurudi. Nikagusa ule anaoupenda mama, ikaniandikia: wimbo huu haupatikani katika eneo lako.

Eneo langu! Nimesimama Pangani. Aliyeimba kazaliwa Pangani, kikundi chake ni cha Tanga, maneno yote ni Kiswahili, anayetaka kuusikia amekaa hatua ishirini kutoka nilipo na ameujua tangu hajaolewa. Halafu wimbo "haupatikani katika eneo lako". Nimeyasoma maneno yale mara tano. Mpaka leo nikiyakumbuka kifua kinabana.

Nilirudi ndani nikasema uongo kwamba spika imeisha chaji. Mama hakudanganyika. Akanigusa mkono akasema, "Basi mwanangu, usijisumbue. Nguo ya kuazima..." Hakumalizia, na kila aliyekuwa mkekani alijua inavyomalizikia.

Niliporudi Dar nikawatafuta huduma kwa wateja. Kwanza ujumbe: "Ndugu mteja, tunathamini maoni yako." Nikaeleza. Ukaja tena uleule, neno kwa neno. Mara ya tatu uleule. Siku nyingine nikampata mtu mwenye sauti, kijana, nikamsimulia kuanzia simu ya kabatini hadi mwembeni. Akanisikiliza nusu, akanikata: "Mama, hizo za zamani sana, nani anazisikiliza siku hizi? Kuna mpya zinafanana, nikutumie orodha?"

Nani anazisikiliza. Mama yangu anazisikiliza! Mimi nazisikiliza, na ndiyo maana nakulipa. Na taarabu ya Shakila inafanana na nini, kijana wangu? Hakuwa na kosa la kutojua, kosa lake ni kwamba hakuona haja ya kujua, na bado ameketi hapo kuniuzia muziki. Nilipombana ndipo akasema lililo kweli: haki za kusambaza nyimbo hutolewa kwa muda na nchi kwa nchi, mkataba ukiisha au ukihamia kwa mwingine wimbo unaondolewa, na hata kwa aliyeupakua unatoka. Nikamuuliza, kwa hiyo miaka miwili nimenunua nini? Akasema, "Umenunua huduma, mama." Simu ikakatika. Sijui aliikata au ilikatika yenyewe, ila sikupigiwa tena.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu baba na CD yake.

Baba alifanya kazi bandarini Tanga. Mtu mmoja wa meli alimletea CD kutoka London, iliyotolewa na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1989, ndani yake Black Star na Lucky Star pamoja. Fikiria, nyimbo za Tanga zimekwenda kutengenezewa CD Uingereza ndipo zikaturudia. Redio ya kuipigia ilikuja miaka baadaye, kwa hiyo kwa muda mrefu tulikuwa tunaitazama tu. Baba alikuwa akiishika kwa kingo, kidole kimoja kwenye tundu, anaigeuzageuza dirishani rangi zinakimbia juu yake, anairudisha. Kuifuta, anaanzia tunduni anatoka nje kwa mstari ulionyooka, hazungushi hata siku moja. Na alitufundisha jambo ambalo watu wengi wanalijua kinyume: upande wa hatari ni ule wenye maandishi, maana lile tabaka la rangi ya fedha linalobeba sauti liko chini yake tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa, lakini uking'oa rangi ya juu umeng'oa na wimbo.

CD ilikuwa kwa kaka, Ngamiani kulekule Tanga. Ikaja Dar kwa basi, imefungwa kwenye gazeti. Kasha limepasuka, kijitabu kimeingia maji kurasa zimegandana, lakini nilipozibandua kwa mvuke wa sufuria baadhi ya majina ya wanamuziki yakasomeka. Kwenye programu hakuna hata hilo. Mpiga gitaa hana jina, mtunzi hana jina, na mara mbili nimekuta wimbo wa bendi moja umeandikiwa bendi nyingine, kitu ambacho mzee yeyote wa Tanga angekisahihisha kabla hajamaliza chai yake.

Kisha nikatafuta cha kupigia. Nimezunguka maduka ya sabufa Kariakoo siku mbili. Zote zina tundu la flashi, zina la memori kadi, zina taa zinazowaka rangi tatu. Ya kuingiza CD hakuna. Mwisho nikampata fundi Temeke mwenye redio ya zamani ya CD na kanda, akaifungua mbele yangu, akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, akanitoza 25,000 pamoja na redio yenyewe. Akabonyeza. Trei ikajivuta ndani, kukawa na ule mzunguko mdogo unaousikia kabla ya sauti, pumzi moja hivi, halafu gitaa. Fundi aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi. Sikuwa nimejiandaa kulia dukani kwa mtu.

Sasa nataka niwe mkweli, maana ndugu zangu wameniambia naonea. Zile CD nazo hazikukosa kasoro. Nyingi tulizonunua mitaani zilikuwa za kuchoma, mgongo wake wa zambarau au kijani, na ukiziacha juani zinakufa kimyakimya kwa sababu ile rangi inayobeba sauti inapauka. Hata stika za kodi za TRA zilipokuja mwaka 2013, meza za CD za kuchoma zilikuwa bado zipo vituoni. Na muziki mwingi wa dansi ulirekodiwa Radio Tanzania, ukabaki kwenye tepu zao, kwenye CD haukufika. Ni programu hiyohiyo ninayoilaani iliyonisikilizisha Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za zamani za Tanga, ambazo baba alikuwa akizihadithia tu. Niko kwenye foleni ya Mbagala, jua kali, nimebanwa pembeni ya dirisha, na masikioni mna Tanga ya kabla sijazaliwa. Mwanangu yuko Muscat, akisikia wimbo ananitumia, dakika hiyohiyo nami nausikia. CD isingeweza hayo. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu.

Lakini nikifika kwenye tatu namwona mama na khanga yake mpya, nyota zinashuka. CD ikiharibika nimeiharibu mimi, au watoto, au vumbi. Hakuna mtu wa mbali anayeingia kabatini kwangu usiku kuichukua kisha ananiandikia kwamba naishi eneo lisilofaa.

Nilirudi Pangani na ile redio na betri zake nane. Safari hii sikumwambia mtu. Niliiweka tu kando ya mama wakati anachambua mchele, nikabonyeza. Vidole vyake vikasimama ndani ya ungo. Hakusema kitu mpaka Shakila alipoingia, ndipo akasema, "Huyo," kwa sauti ndogo, akaendelea kuchambua. Wimbo ulipofika ubeti wa tatu, penye mkwaruzo, CD ikakwama, ikaruka. Mama alikuwa anaimba naye, wala hakusita. Akaendelea peke yake maneno yaliyorukwa, na CD iliposhika tena walikutana kwenye neno moja.

Mpwa wangu amezihamishia nyimbo zote za CD ile kwenye flashi, kwa kompyuta, mruko nao umehamia. Flashi moja iko kwangu, moja kwa kaka. Hizo ni za kidijitali pia, nyepesi, zinaingia kwenye sabufa yoyote, na hazimuombi mtu uthibitisho. Kwa hiyo tatizo langu si simu wala si teknolojia, watu wasinielewe vibaya.

Redio nilitaka kuirudisha Dar, mama akakataa, imebaki kwake. Lenzi yake imechoka na fundi amenionya haitafika mbali, kwa hiyo mwenye redio ya CD ambayo trei na lenzi ni nzima, awe Tanga au Dar, aniambie bei. Programu bado iko kwenye simu yangu. Tarehe mosi watanikata pesa ya mwezi mwingine, na mpaka naandika hapa sijaifuta wala sijaisamehe.