Nimelipa pesa zangu baba yangu akaitwe msaliti

Kampuni sitaitaja, na si kwa uoga. Dereva wao ni mtu mwema, ana watoto wa kusomesha, na sitaki aitwe ofisini kwa sababu ya mdomo wa mwenzake. Safari za siku moja za viwanja vya Vita Kuu ya Kwanza, kutoka Voi hadi Taveta, hazifanywi na watu wengi. Ukiulizauliza pale mjini utaelekezwa.

Bei, viti vya gari, saa ya kuondoka, yote hayo yako kwenye tangazo lao na mimi si karani wao. Chakula cha mchana ni chipsi zilizolala na paja la kuku. Basi. Nilichokuja kusema ni kile kilichotokea pale ngome ya Mwashoti. Ningeandika jioni ile ile yangekuwa matusi matupu, kwa hiyo nimeacha wiki kadhaa zipite nipoe. Sijapoa.

Kwanza mnielewe. Baba yangu ni Mkasighau wa Rukanga, chini kabisa ya mlima Kasighau. Mwaka 1915 Wajerumani walivuka mpaka kutoka koloni lao, Tanzania ya leo, wakaishambulia kambi ya Waingereza huko Kasighau. Waingereza, badala ya kujiuliza walilala vipi, wakasema wenyeji ndio walioonyesha adui njia. Nyumba zikachomwa, watu wakakusanywa na kupelekwa Malindi: wazee, wajawazito, watoto, wote. Watu waliozoea ukungu wa mlimani wakatupwa kwenye joto la pwani na malaria yake. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurudishwa mlimani mwao hadi miaka ya 1930. Babu yangu aliondoka akiwa mgongoni mwa mamake, akarudi mwanamume mwenye ndevu, na huyo mama hakurudi. Kwetu hakuna matanga wala harusi inayokwisha bila Malindi kutajwa.

Baba ndiye aliyeomba safari hii. Alisikia kuna watu wanaotembeza wageni kwenye mahandaki ya vita, akaniambia, "Mwanangu, nataka nikaone wanasema nini." Ningemsikiliza vizuri ningejua kwamba hakusema anataka kuona mahandaki.

Tulianzia makaburi ya vita ya Voi, na lazima nikiri kwamba hapo yule kijana wa maelezo alinipata. Ana sauti ya mhubiri. Alisimama kwenye kaburi la Luteni Wilbur Dartnell akaeleza jinsi Septemba 1915, karibu na Maktau, huyo bwana alivyopigwa risasi mguuni. Wenzake wakambeba wampeleke salama. Alipoona wale walioumia zaidi yake hawabebeki, akaamuru naye aachwe, akitumaini kwamba akiwepo yeye adui hatawamaliza. Wakamuua. Akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, akiwa keshakufa. Tulikuwa na bibi mmoja Mwingereza na wazee wawili kutoka Afrika Kusini, na bibi yule alitoa leso. Hata mimi koo lilikaza, siwezi kudanganya.

Nikauliza, kwa adabu kabisa, wapagazi wao wamezikwa wapi. Kila mtu aliyesoma historia kidogo anajua kwamba vita hivi vilibebwa vichwani. Malori yalikwama, farasi na nyumbu walimalizwa na mbung'o, kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga lilipita juu ya kichwa cha mtu. Kutoka Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga usioiva. Jibu lake: "Hapa ni wanajeshi tu, dada." Akatazama saa.

Nikanyamaza. Lakini jambo hilo hata wenye makaburi wenyewe wamekwisha kulikubali. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti mwaka 2021, ikasema wazi kwamba Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa sawa na wenzao, na kwamba 116,000 au zaidi, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Mwongozaji wa makaburi hayo hayo hana habari? Au anayo, ila haiuziki?

Tukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, tukafika Mwashoti. Ni ngome ya Waingereza, kuta za mawe katikati ya vichaka, na ukisimama pale unaelewa haraka kwa nini waliihitaji. Nyika ile haina maji wala pa kujificha, na vikosi vidogo vya Wajerumani vilikuwa vikiipita usiku kwenda kutega baruti kwenye reli ya Mombasa. Alieleza hayo vizuri. Kisha mzee mmoja wa Afrika Kusini akauliza, hao Wajerumani walijuaje njia kwenye nyika kame namna ile?

Yule kijana akajibu bila hata kupepesa jicho. "Wenyeji waliwasaidia. Kuna kabila dogo huko Kasighau liliwasaliti Waingereza, mpaka ikabidi lihamishwe."

Eti ikabidi.

Baba alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi. Akamwambia taratibu, "Kijana, nani alikuambia hayo?"

"Iko kwenye rekodi, mzee."

"Rekodi za nani?"

Kijana akacheka kidogo, kicheko kile cha kumfurahisha mtu mzima asiyeelewa mambo. "Mzee, tusiwapotezee wageni wakati."

Nasi tulikuwa nani? Tulilipa kama wao, shilingi kwa shilingi, hatukupunguziwa hata ndururu. Lakini baba si mtu wa kufoka. Akasimama wima, akaanza kueleza kwa Kiswahili kizuri. Akataja vijiji, Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi. Akaeleza jinsi watu walivyotolewa, walivyotembezwa, nani alizikwa wapi, na akauliza watu wenye mikuki wangewazuia vipi Wajerumani wenye bunduki za rasharasha ambao Waingereza wenyewe walishindwa kuwazuia. Alizungumza kwa muda mrefu. Wale wageni walikuwa wametulia kabisa, wakimtazama mdomoni, na yule bibi akauliza mzee anasema nini.

Mwongozaji akamtafsiria kwa sentensi moja: anasema watu wake pia waliteseka kidogo.

Nikaingilia. Nikaanza kutafsiri mwenyewe kutoka mwanzo, na Kiingereza ninakijua, nakifundisha. Sijafika hata Malindi akanikata mbele ya watu wote: "Dada, mwongozaji hapa ni mmoja. Tupande gari."

Na tukapanda! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wageni waliinama, dereva akafungua mlango, na baba akavaa kofia yake akaingia kama mtoto wa shule aliyefukuzwa darasani. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anafunzwa historia ya babake na kijana aliyeikariri kwenye karatasi za watu waliochoma nyumba ya babu yake. Ukinipa nyota nusu ningeitoa nusu hiyo.

Maktau siikumbuki. Nadhani kuna kumbukumbu ya wanajeshi wa Kihindi, na alisema kitu kuhusu reli ya kijeshi waliyoijenga kutoka Voi. Nilikuwa nimekunja uso dirishani.

Sasa Salaita. Nilikuwa nimeapa sitasifu chochote, lakini msomaji ananidai ukweli. Salaita peke yake inastahili safari. Ni kilima kidogo tu, ukikipita kwa gari kwenye lami huwezi kugeuza shingo. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Afrika Kusini, waliokuwa wamefika nchini juzijuzi, walikuja kukitwaa wakidhani ni kazi ya asubuhi. Mizinga ya Waingereza ikapiga kilele mpaka kikatoka moshi. Kumbe mahandaki ya Wajerumani hayakuwa kileleni. Yalikuwa chini, kwenye vichaka, na wale askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa wamelala humo wakisubiri. Kijana alitushusha, akatupanga kwenye mstari, akatuambia tutembee kuelekea kilimani na tuinue mkono tukiliona handaki. Hakuna aliyeliona mpaka tulipokaribia kutumbukia. Huo ndio ufundi, na nikipewa darasa la historia nitamwajiri kwa saa hiyo moja.

Akaongeza, huku akiwatazama wale wazee wawili, kwamba Waafrika Kusini walipokimbia, walioshika mstari ni wanajeshi wa kutoka Bara Hindi, wa kikosi cha 130th Baluchis, watu ambao wenzao weupe walikuwa wakiwaita makuli. Inasimuliwa kwamba Wahindi hao waliokota bunduki ya rasharasha iliyoachwa na hao waliokimbia, wakairudisha na barua yenye salamu zao na ombi kwamba wasiitwe tena jina hilo. Mzee mmoja akacheka sana, mwenzake hakucheka. Kwa hiyo kumbe kijana anajua! Anajua kwamba rekodi zina wenyewe, na anajua kumtetea aliyedharauliwa, mradi aliyedharauliwa awe mbali na asiwe ndani ya gari lake.

Hapo nilikuwa karibu kumsamehe. Tukaenda kwenye mbuyu.

Kuna mbuyu upande wa kwenda Taveta wenye matundu ya risasi, na hadithi ni kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akidungua Waingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Ni hadithi tamu. Hakuna anayelijua jina la mwanamke huyo, wala hakuna wa kuthibitisha kwamba alikuwepo. Kijana alikaa hapo akisimulia mpaka jua likatuchoma utosi. Alitueleza hasira zake, mapenzi yake, nywele zake! Mwanamke wa hadithi anapewa nywele, na watu wa mlima mzima, ambao mjukuu wao amesimama hapo hapo ameshika kofia, wanapewa sentensi moja. Niliondoka nikaenda kukaa garini na dereva.

Dereva huyo, Mungu ambariki. Tangu Mwashoti alikuwa amemhamishia baba kiti cha mbele, akawa anamuuliza maswali kwa Kitaita, moja baada ya jingine. Ilikuwaje Malindi? Walikula nini? Waliporudi walikuta nani kwenye mashamba yao? Kumbe nilipokuwa nimenuna dirishani, baba alikuwa anasimulia njia nzima. Makaburi ya Taveta aliyatazama haraka haraka ili arudi garini. Jioni tuliposhushwa Voi nikamuuliza, kwa uchungu, umeonaje. Akasema, "Safari nzuri sana."

Nzuri! Mimi nimekosa usingizi kwa ajili yake, yeye anasema nzuri.

Nililalamika kwa simu. Meneja ni mama mstaarabu, alisikiliza, akasema pole mara nyingi, akaeleza kwamba maelezo ya vijana wao yanatoka kwenye vitabu. Nikamwambia Rukanga kuna watu, na watu nao wana midomo. Gari lenu likizunguka huko mara moja mtapata maelezo ambayo hayamo kwenye vitabu hivyo. Akasema Rukanga haiko kwenye ratiba kwa sababu wageni wanataka kuona kitu, jiwe, kaburi, ngome, na huko hakuna cha kuwaonyesha. Kana kwamba watu waliochomewa nyumba walipaswa kujiachia jiwe. Pesa hakurudisha. Alitupa nusu bei ya safari nyingine, eti ofa.

Kwa hiyo nawaambia nini? Kama unataka tu kuona Salaita, nenda, ukimpata kijana huyo mnyonye yale anayoyajua. Kama una mzee wa Kasighau, wa Bura, wa Sagalla, usimpeleke. Au mpeleke, lakini mketishe mbele na dereva. Nilianza nikitaka kuwapa nyota moja, Salaita ikazipandisha tatu, mbuyu ukazishusha. Mtajua wenyewe.

Ile ofa niliichana. Juzi baba kanipigia simu kunijulisha kwamba ameshaongea na meneja, ameuza mbuzi, na nafasi ameshaipata, kwa sharti kwamba dereva awe yule yule na kiti cha mbele kiwe chake. Ameniuliza kama nami nitakwenda. Nimemwambia sina pesa za kutupa.