Kujifunza kuandika habari: darasani au sokoni Tanga?
Darasani utafundishwa piramidi iliyogeuzwa, jambo zito likae aya ya kwanza, na maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Ni msingi, usiudharau.

Lakini mimi nampeleka mwanafunzi soko la samaki la Deep Sea asubuhi. Mchuuzi atamwambia "bei imepanda". Amuulize: kutoka shilingi ngapi hadi ngapi, tangu lini? Kisha amtafute na mvuvi, maana chanzo kimoja hakitoshi. Jina aliandike, amsomee mwenyewe: Mwanahamisi si Mwanahawa. Darasani kosa hilo hupunguza alama; huku linamuumiza mtu utakayekutana naye kesho mtaani Ngamiani, hapa hapa Tanga.

Mwenye wiki mbili tu aanzie sokoni, jioni arudi kwenye daftari.