Wikiendi ya Wastaafu wa Jeshi na Wenzi Wao, Dodoma: Tathmini Baada ya Kuhudhuria Mara Tatu

Kila mwaka, mwishoni mwa wiki iliyo karibu na Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai, wastaafu wa Jeshi la Wananchi waliotumikia kikosi kimoja na mume wangu hukutana Dodoma kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, pamoja na wenzi wao. Mwaka huu tumekwenda kwa mara ya tatu. Kila nirudipo, wake wa wastaafu wenzangu huniuliza kama safari ile inastahili gharama yake, nami huwajibu kwa maneno mawili matatu mlangoni. Sasa nimeona niwajibu kwa kirefu, kwa sababu wapo wanaosita kwenda kwa kudhani kwamba ni mkutano wa wanaume wa kukumbushana vita, na mwanamke atakaa pembeni akishika mkoba.

Sivyo. Niseme tangu hapa kwamba naipendekeza wikiendi hii kwa moyo wangu wote, na sababu kubwa ni jinsi waandaaji wanavyomhesabu mke kuwa ni mtu aliyetumikia pamoja na mumewe. Yapo mambo ambayo ni lazima yarekebishwe, hasa malazi, na nitayaeleza bila kuficha.

Mwaka huu tulilipa shilingi 190,000 kwa watu wawili, fedha iliyohusu usiku mbili za kulala, milo yote na basi dogo la kutuzungusha mjini. Nauli ni juu ya msafiri. Mara ya kwanza tulikwenda kwa basi kutoka Dar es Salaam, na tulipofika miguu ya mume wangu, Baba Rehema, ilikuwa imevimba hata viatu havikumwingia kesho yake. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ni ya saa tatu na ushee, na daraja la kawaida ni shilingi 31,000. Kwa mzee mwenye presha, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ratiba.

Malazi ni katika hosteli ambayo sitaitaja jina. Ni safi, mashuka yanafuliwa, maji ya moto yapo asubuhi. Hata hivyo, fomu ya kujiandikisha iliuliza waziwazi kama mshiriki ana tatizo la kutembea, nasi tuliandika kwamba mume wangu ana goti bovu na hawezi ngazi. Tulipofika tukapewa chumba cha ghorofa ya pili. Hatukuwa peke yetu, kwani nilihesabu wazee watatu wenye fimbo wakipanda taratibu, wakisimama kila baada ya vidato vitano, huku wake zao wakiwa nyuma wamebeba mabegi. Kijana wa mapokezi alipoelezwa alisikitika kweli, akatafuta namna, na saa mbili usiku tukahamishiwa chini. Namshukuru. Lakini kumwuliza mtu hali yake kwa maandishi kisha kuliacha jibu lake ndani ya faili kunaumiza kuliko kutomwuliza kabisa. Jambo la pili ni blanketi. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai ni kipupwe. Upepo unavuma usiku kucha na vumbi linapenya dirishani. Blanketi moja jepesi halimtoshi mtu wa miaka sabini aliyezoea joto la Pwani.

Waliofika mapema siku ya Ijumaa walipelekwa kuswali katika Msikiti wa Gaddafi, wenye jina la aliyekuwa kiongozi wa Libya. Nalitaja hili kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuwa nasi kwenye basi, ambaye mwaka 1979 alipigana Uganda na askari waliotumwa na Libya kumsaidia Amin. Alirudi akiwa kimya, akakaa kando ya mume wangu, akamwambia, "Afande, nimewaombea na wao." Hakuongeza neno, na hakuna aliyemtaka aongeze.

Jumamosi alfajiri, kabla ya kwenda kuweka shada kwenye mnara wa mashujaa, huitwa majina. Kila mwenye fimbo na asiye na fimbo husimama uani katika mistari, wanaume mbele na wenzi nyuma yao, na mstaafu aliyekuwa sajini meja husoma orodha ile ile ya miaka yote. Majina ya waliofariki hayafutwi. Jina la marehemu likisomwa, mjane wake, kama amekuja, hujibu kwa niaba yake. Mwaka huu mama mmoja kutoka Manyoni, ambaye alimzika mumewe mwezi Februari, alisikia jina likisomwa, akanyamaza kidogo, akalivuta kanga lake begani, kisha akajibu kwa sauti ya kusikika uani kote: "Hayupo. Mimi nipo." Sajini meja akaweka alama kwenye karatasi kama alivyoweka kwa wengine, akaendelea na jina linalofuata. Wajane hulipa nusu ya ada, na nafasi yao haichukuliwi na mtu mwingine. Nimehudhuria hafla nyingi za wastaafu ambamo mjane hukumbukwa kwa kupewa bahasha na kiti cha mbele siku moja, basi. Hapa anabaki katika orodha.

Mchana ulikuwa na sehemu iliyonichosha. Mtaalamu wa masuala ya pensheni alialikwa, na kwa hakika mambo aliyokuja nayo yalikuwa muhimu: uhakiki wa wastaafu, mirathi, na nyaraka ambazo mjane anapaswa kuwa nazo. Lakini alizungumza saa moja na nusu ndani ya ukumbi wenye mwangwi, kipaza sauti kikikoroma, mbele ya watu ambao wengi wao masikio yao yaliachwa kwenye mizinga. Mume wangu hakusikia hata robo. Nilimwandikia kwenye daftari, na nilipogeuka nikaona wake wengine wanne wanafanya vilevile. Karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa herufi kubwa, zikagawiwa kabla ya mazungumzo, zingemaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo sana. Upimaji wa presha na sukari uliofanyika ukumbini humo humo ulikwenda vizuri na haraka.

Chakula cha Ijumaa usiku kilikuwa cha kawaida, wali na kuku kama wa semina yoyote. Cha Jumamosi mchana, kilichopikwa na akina mama wa Chamwino, kilikuwa kitu kingine. Walileta ugali wa uwele, mlenda uliopikwa kwa magadi kidogo na karanga za kutwanga, maziwa ya mgando na mbuzi wa kuchoma. Mlenda wao ulikuwa wa majani yaliyokaushwa, rangi yake ya kijani iliyofifia, na ulivutika kwenye tonge bila kuwa na uchungu hata kidogo. Wazee ambao meno yamewaishia walikula wakashiba, jambo ambalo halikutokea usiku uliotangulia.

Baada ya chakula ndipo panapofanyika kile ambacho, kwa maoni yangu, kinaifanya safari yote iwe na maana. Wenzi huketi peke yao na muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi katika hospitali za jeshi, kisha baada ya saa moja wanajumuika na wanaume. Mara ya kwanza sikutaka kuzungumza. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na nne na sina hofu ya kusimama mbele ya watu, lakini habari za nyumbani kwangu nilizoea kuziacha nyumbani. Mwaka huu nilisimama.

Nilisema kwamba mume wangu aliondoka kwenda Vita vya Kagera Novemba 1978, siku chache baada ya hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2, ile ya sababu, nia na uwezo, nami nikiwa na mimba ya miezi mitano. Tuliobaki kota tulikuwa tukikusanyika kwenye redio moja kusikiliza Radio Tanzania, na Kampala ilipoangushwa tarehe 11 Aprili 1979 tulipiga vigelegele tukidhani wanarudi wiki ile. Wengine walirudi, lakini baadhi ya vikosi vilibaki Uganda hadi mwaka 1981, na cha kwake kilikuwamo. Tulikuwa tumeambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Nilipanga foleni ya sabuni na sukari nikiwa na Rehema mgongoni. Aliporudi, mtoto alikuwa anakimbia na alimkimbia yeye. Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuweza kulala kitandani; alilala sakafuni, karibu na mlango, na viatu vyake mkononi. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani ni mimi nisiyempendeza.

Muuguzi hakutoa hotuba. Aliuliza tu, "Nani mwingine mume wake alilala mlangoni?" Mikono sita iliinuka. Mmoja ulikuwa wa binti wa miaka thelathini na kitu, ambaye mumewe alirudi kutoka ulinzi wa amani mashariki mwa Kongo, akastaafu mapema kwa sababu ya majeraha. Yeye alikuwa akizungumza na mumewe kwa simu karibu kila jioni, wakati mimi nilipata barua nne kwa miaka miwili na zaidi. Na bado, mumewe na mume wangu walirudi wakiwa na hali ile ile. Muuguzi akatueleza kwa Kiswahili chepesi maana ya kiwewe, kinavyokaa mwilini hata baada ya miaka, na mahali pa kupata msaada. Binti yule akaniita mama mkubwa tangu saa ile hadi tunaagana kituoni.

Kwenye meza ya chakula cha jioni, rafiki wa mume wangu aliniuliza, "Shemeji, mapigano ya Lukaya kule Uganda hajawahi kukusimulia?" Nikasema hapana. Akachukua vijiti vya meno akavipanga juu ya kitambaa kuwa barabara, akamimina chumvi kidogo pande zote mbili kuwa kinamasi. Akanionyesha jinsi Brigedi ya 201 ya jeshi letu ilivyoshambuliwa na kutawanyika tarehe 10 Machi, na jinsi kesho yake ilivyojipanga upya na kusonga mbele wakati Brigedi ya 208 ikitokea nyuma ya adui. Kisha akaweka punje moja ya wali ndani ya chumvi. "Huyu ni mumeo," akasema. "Maji kifuani, redio kichwani, mpaka kunapambazuka." Nikamtazama Baba Rehema. Alinyoosha kidole, akaisogeza ile punje kidogo upande wa kushoto wa barabara, akasema, "Nilikuwa huku." Katika miaka yetu arobaini na minane ya ndoa, hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kwake kuhusu usiku ule.

Lipo kosa moja katika kile kikao cha wenzi na muuguzi. Kwenye ratiba kimeandikwa "kikao cha akina mama", ilhali miongoni mwa wastaafu wapo wanawake waliovaa kombati miaka ishirini, nao wana waume. Afande mmoja wa kike alikuja na mumewe, fundi seremala wa Kondoa, mtu mpole. Tulipoingia sisi ndani, yeye alibaki kwenye benchi chini ya mwarobaini peke yake kwa saa nzima, kwa kuwa upande wa wastaafu hakuwa askari na upande wa wenzi hakuwa mama. Naye aliachwa nyumbani na watoto mke alipokuwa kambini. Naye angekuwa na la kusema. Neno "wenzi" lipo kwenye barua ya mwaliko. Liandikwe na kwenye ratiba, na mlango ufunguliwe ipasavyo.

Jioni kulikuwa na ngoma ya Wagogo. Akina mama walicheza muheme wakiwa wamebana ngoma kati ya mapaja, zeze likiitikia nyuma, na mvinyo wa zabibu za Dodoma uliuzwa kwa anayetaka. Jumapili ni ibada, kila mtu kwa dini yake, chai, na kuagana. Saa tano asubuhi basi dogo linaanza kupeleka watu kituoni kwa zamu, na halikuchelewa hata mara moja.

Kwa anayekusudia kwenda, uandikishaji hufunguliwa mwezi Machi na nafasi hujaa mapema. Usiitegemee fomu peke yake kuhusu chumba. Piga simu, taja goti au moyo au macho, na umwombe mtu akusomee alichoandika. Beba sweta na blanketi lako. Ukumbini, mketishe mzee safu ya kwanza na uwe na daftari. Kama mume wako amefariki, nenda, jina lake litasomwa. Sisi tumekwisha kulipia majina mawili kwa mwaka ujao, na fundi wa Kondoa ameniahidi kwamba atakuja tena endapo nitamwekea kiti ndani.