Uchambuzi wa sufuria ya umeme ya wali yenye kitufe kimoja, baada ya miaka minne ya kuitumia na kuifungua

Ndugu watazamaji, karibuni. Kifaa kilicho hapa mezani ni sufuria ya umeme ya kupikia wali, ile ya aina ya kawaida kabisa, yenye kitufe kimoja, taa mbili na kifuniko cha kioo. Tumeitumia nyumbani kwetu kwa miaka minne, karibu kila siku, kwa sababu wali ndio chakula ambacho nyumba nzima inakubaliana nacho na ambacho mimi binafsi sichoki kukila. Katika muda huo nimeifungua mara tatu, nimeitengeneza mara mbili, na nimeipima kwa kila kipimo kilichopo kwenye meza yangu ya ufundi. Ninataka kuwaeleza kwa nini, baada ya yote hayo, bado ninaitegemea kuliko ile yenye skrini na vitufe kumi na viwili tuliyopewa zawadi, ambayo kwa sasa imekaa kabatini.

Mchele na maji nimeviweka kabla sijawasha kamera. Ninabonyeza kitufe sasa hivi, na ninaomba mnisikilizie ule mlio mfupi wa “tak”. Huo ni mlio wa sumaku iliyonasa, na ndio moyo wa mashine hii.

Nikiitoa sufuria ya ndani, mtaona bamba la joto, na katikati ya bamba kuna kidude cha duara kinachosukumwa juu na springi ili kigusane na kitako cha sufuria. Tazameni, nikikibonyeza kwa kidole kinazama na kurudi. (Hii ninayowaonyesha ni ganda la zamani nililolihifadhi kwa vipuri, msifanye hivi kwenye mashine iliyo na umeme.) Ndani ya kidude hicho mna kipande cha feraiti, aina ya kauri inayovutwa na sumaku, na chini yake mna sumaku ya kudumu. Unapobonyeza kitufe, mkono wa swichi unaipandisha sumaku hadi inanasa kwenye feraiti, vidoti viwili vya chuma vinagusana, na umeme unaingia kwenye bamba. Feraiti hiyo imechaguliwa ili ipoteze mvuto wake wa sumaku ikifika takriban nyuzi joto 103 za Selsiasi. Maadamu sufuria ina maji, kitako chake hakiwezi kupita sana nyuzi 100, kwa kuwa joto lote la ziada linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Maji yakishakwisha, mengine yakiwa yamenywewa na mchele na mengine yamepanda na mvuke, joto la kitako linapaa kwa haraka, feraiti inaiachia sumaku, springi inaisukuma chini, na swichi inakata. Mashine haina haja ya kujua umepika vikombe viwili au sita, wala ni dakika ngapi zimepita, kwa sababu inasubiri jambo moja tu, nalo ni kukauka kwa maji.

Wazo hili la kuyatumia maji kama saa ya jikoni halikuanza jana. Mwaka 1955 kampuni ya Toshiba ya Japani iliingiza sokoni sufuria ya umeme ya wali inayojizima yenyewe, ambayo mbunifu wake alikuwa Yoshitada Minami, lakini aliyesimama jikoni akipika, akipima na kuandika matokeo kundi baada ya kundi la mchele alikuwa mke wake, Fumiko Minami. Sufuria yao ilikuwa ya tabaka mbili: maji kidogo yaliwekwa kwenye tabaka la nje, yakachukua kama dakika 20 kukauka, kisha swichi iliyotengenezwa kwa metali mbili zilizogandamizwa pamoja ikajipinda kwa joto na kukata umeme. Kila ninapoifungua mashine yangu ninamkumbuka mama huyo, kwani kifaa hiki kilipatikana kwa majaribio ya jikoni, kwa chakula kilichoungua na chakula kilichobaki na kiini, na si kwa hesabu za ofisini peke yake.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo watu wengi wanapoilaumu mashine isiyo na kosa. Kikombe kinachokuja na sufuria hizi si kikombe cha kawaida cha vipimo. Kina mililita 180, kwa sababu kinafuata kipimo cha jadi cha Kijapani cha mchele kiitwacho go, wakati kikombe cha vipimo cha mapishi mara nyingi kina mililita 240 au 250. Mistari iliyochorwa ndani ya sufuria inahesabu vikombe vya 180. Sisi tulikipoteza chetu mwezi wa pili, tukaanza kutumia kikombe kikubwa huku tukijaza maji hadi mstari uleule, na kwa wiki nzima tukala wali wenye kiini huku mimi nikishuku bamba la joto. Niliifungua mashine bure. Kipimo ndicho kilichokuwa kimepotoka.

Jambo la pili kuhusu maji ni kwamba mchele unakunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe, kikombe kwa kikombe, na yale unayoongeza juu ya hapo ni fidia ya mvuke unaotoka. Mvuke huo hauongezeki maradufu kwa sababu tu umeongeza mchele maradufu, kwa kuwa sufuria ni ileile na mdomo wake ni uleule. Ndiyo maana mtu aliyezoea vikombe viwili kwa vinne, akialika wageni na kuweka sita kwa kumi na viwili, anapata wali uliolegea na kushikana. Mimi huweka maji sawa na mchele, kisha ninaongeza kiasi kisichobadilika sana, kama robo tatu ya kikombe cha sufuria, na ninapandisha kidogo tu kwa mchele mkavu wa zamani au ule usiokobolewa, ambao unanywa zaidi. Anayeishi mahali pa juu naye anahitaji maji zaidi kidogo, kwa kuwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi na mchele unachukua muda mrefu zaidi kuiva. Swichi haitamsumbua, kwa sababu bado inangoja kitako kipite 103.

Kwa majaribio nilipitisha kihisi joto chembamba kwenye tundu la mvuke la kifuniko, nikakiunganisha na Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki unayoipangia kazi kwa kompyuta, na kuandika joto kila baada ya sekunde kumi. Mchoro wake ndio huu hapa kwenye skrini. Mstari unapanda polepole kutoka joto la chumba, unafika karibu na 100, halafu unalala. Unalala kwa muda mrefu, mnyofu kama rula, ingawa bamba halijapunguza moto hata chembe. Mwishoni kabisa unainua kichwa, na hapohapo swichi inakata. Nilimwonyesha binti yangu, akaniuliza kwa nini moto ni uleule na joto halipandi, tukakaa mezani zaidi ya saa moja tukizungumza habari za mvuke.

“Tak.” Mmesikia? Imejizima. Sehemu ya katikati nitaikata wakati wa kuhariri, lakini saa yangu inaonyesha dakika 24 kwa vikombe vitatu, na kipima umeme kilichopo kwenye soketi kimesoma uniti 0.27, huku mashine ikivuta wati 680 hivi wakati wote wa kupika. Sifungui kifuniko bado. Wali uliokatiwa moto sasa hivi una unyevu mwingi juu na ukavu chini, na dakika kumi za kutulia ndizo zinazousawazisha. Nyumbani tunalijua hili, lakini watoto hawalipendi.

Taa ya pili iliyowaka sasa ni ya kutunza joto, na hapa nina malalamiko. Kwa kipimo changu, hali hiyo inavuta wastani wa wati 45, jambo ambalo linaonekana dogo mpaka ulipigie hesabu: saa sita za kutunza joto zinakula uniti 0.27, sawasawa na kupika chungu kizima upya. Zaidi ya hapo, wali wa pembeni unakauka na kugeuka ukoko. Msizime tu na kuuacha wali humo hadi kesho, hata hivyo, kwa kuwa kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye chembe zake za uzazi zinastahimili kuchemshwa, na wali uliopoa taratibu na kukaa kwenye joto la chumba ni mahali pake pa kuzaliana. Wali wa kutunzwa ubaki juu ya nyuzi 60, au upozwe haraka na kuingizwa kwenye friji.

Matengenezo. Mara ya kwanza ilijizima mapema, maji yakiwa bado yanaelea juu ya mchele. Sikuhitaji bisibisi. Punje moja ya wali, iliyokauka na kuwa ngumu kama changarawe, ilikuwa imenata kwenye bamba kando ya kile kidude cha katikati, ikaiinua sufuria upande mmoja, joto likawa linakiendea kidude hicho badala ya kuingia kwenye maji. Niliikwangua kwa ukucha, nikapangusa bamba kwa kitambaa chenye unyevu, na kazi ikaisha. Tangu siku hiyo, kufuta kitako cha sufuria kabla ya kuitumbukiza ni amri ya nyumba.

Mara ya pili ilikuwa nzito zaidi. Vidoti vya swichi vilikuwa vimeliwa na cheche hadi vikagandana, kwa hiyo mkono ulishuka kama kawaida lakini umeme haukukatika. Wali uliungua, nyumba ikajaa moshi, na kisha kila kitu kikazima. Kilichoiokoa nyumba ni fyuzi ya joto, kijibomba kidogo cha chuma kilichofichwa ndani ya soksi ya nyuzi za kioo chini ya bamba, ambacho hukatika mara moja na hakirudi tena. Niliipima kwa multimita, haikupitisha chochote. Kwenye mwili wake kumeandikwa nyuzi joto na ampea, na mbadala wake lazima ulingane na maandishi hayo yote mawili. Ninasisitiza kwa moyo wote: asitokee mtu akaunganisha waya moja kwa moja na kuiruka fyuzi hiyo ili mashine iwake, hata kwa usiku mmoja. Wala msiilehemu kwa risasi. Nyingi za fyuzi hizi hukatika kwenye nyuzi 170 hadi 190, na kichuma cha kulehemu kina nyuzi zaidi ya 300, kwa hiyo utaiua kabla hujaifunga. Zinafungwa kwa vibomba vidogo vya chuma vinavyobanwa kwa koleo, kisha soksi yake inarudishwa. Swichi nayo niliibadilisha nzima, kwani vidoti vilivyoliwa vikisuguliwa kwa msasa vitaliwa tena.

Faida moja iliyonishangaza ni hii. Kwa kuwa sumaku ni ya kudumu, kitufe kinabaki kimebonyea hata umeme usipokuwepo. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Na ukiichomeka kwenye soketi ya saa, ukabonyeza kitufe na kuondoka, itaanza kupika saa uliyoipanga, ilhali ile ya skrini, ikirudishiwa umeme, inangoja mtu aje aiguse. Soketi iwe na uwezo wa kutosha: wati 680 kwenye volti 230 ni ampea 3 hivi, na kwenye volti 120 zinakaribia 6. Mchele usilale kwenye maji ya vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili au tatu, la sivyo utaanza kuchacha.

Kasoro zake zipo. Mchele usiooshwa vizuri unatoa povu linalopenya kwenye tundu la kifuniko na kuchafua meza. Mchele usiokobolewa unapikwa vizuri zaidi na mashine ya skrini, inayoweza kuuloweka kwanza na kupunguza moto hatua kwa hatua, na sitaikana sifa hiyo. Lakini bodi ya ile yetu ilikufa baada ya umeme kuyumba, fundi hakupata bodi nyingine, na bamba lake, sufuria yake na kifuniko chake, vyote vizima, vikageuka mzigo. Hii ya kitufe kimoja ina vipuri visivyozidi vitano vinavyoweza kuharibika, na vyote vinatambulika kwa macho.

Kwa anayetaka kununua, naomba afanye mambo mawili dukani. Aipindue na kuangalia skrubu za chini kama ni za kawaida zinazofunguka kwa bisibisi ya nyota. Kisha aulize kama sufuria ya ndani inauzwa peke yake, kwa sababu utando wake usioshika chakula ndio unaochakaa kwanza, hata ukitumia mwiko wa mbao kila siku. Wetu umeanza kuchanika hapa pembeni, mnauona, na sufuria mpya ya ndani nimeshaiagiza.

Dakika kumi zimetimia. Ninafunua.