"Kwani humu ndani mnaoga wangapi?" Uzoefu wangu na pampu ya joto na sola

Nitasema ukweli kwamba naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka maelezo ya lita, wati na urefu wa tangi akayasome kwenye boksi. Mimi nataka kusema habari ya koki moja, na fundi mmoja.

Nilikuwa na sola tayari. Paneli juu ya paa, inveta ya kilowati 3, betri ya kilowati-saa 5, na mchana umeme ulikuwa unanibakia bila kazi. Ndipo nikaanza kusoma kuhusu pampu ya joto ya maji. Kwa asiyeijua, ni friji iliyogeuzwa: friji inatoa joto ndani na kulimwaga jikoni, hii inachota joto la hewa na kulimwaga kwenye tangi la maji. Kilichonivutia ni hesabu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunahitaji uniti 8 hivi za joto. Hita ya koili itakula zote hizo kwenye waya wako. Pampu nzuri, hewa isipokuwa baridi sana, inakula chini ya 3, zinazobaki inaziokota hewani bure. Na kwa kuwa kompresa yake inavuta umeme kidogo kidogo kwa saa kadhaa, inveta ndogo haistuki. Unaiwekea saa, inafanya kazi jua likiwa utosini, jioni mnaoga maji ya jua bila kugusa betri. Nilishawishika, nikanunua. Kampuni niliyonunua ikaleta fundi wake, akafunga, akaondoka akiwa na haraka kweli kweli.

Siku za kwanza nilidhani labda inahitaji kuzoea. Kioo cha mashine kinasema nyuzi 55, ukifungua shawa maji ni vuguvugu. Si baridi, la. Vuguvugu lile la kuudhi, la kukufanya usimame umejikunyata ukingoja yapate moto, na hayapati. Jikoni vivyo hivyo, mafuta yanaganda kwenye sahani. Nikapiga simu. Nikaambiwa ni mawingu, sola haijapata nguvu. Sasa jamani, kama sola haijapata nguvu, hiyo 55 kwenye kioo imetoka wapi? Maji yakishakuwa na nyuzi 55 ndani ya tangi, wingu linahusikaje na shawa yangu? Niliuliza hivyo hivyo, kwa adabu. Jibu: "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Baada ya simu nyingi fundi akaja. Hakwenda kwenye tangi. Alikwenda bafuni moja kwa moja na viatu vyake vyenye matope, akafungua shawa, akatia vidole viwili chini ya maji, akavikung'uta. "Haya mbona ni ya moto tu." Nikamwambia fundi, weka mkono wote. Hakuweka. Akaangalia taulo zilizotundikwa ukutani, akazihesabu kwa macho nikimwona, kisha akaniuliza mbele ya wanangu: "Kwani humu ndani mnaoga wangapi?"

Nilinyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza, lakini swali lile lilinikata maneno. Kwamba nimelipa, nimengoja, nimepiga simu, halafu kosa ni kwamba tunaoga! Binti yangu wa mwisho aliangua kicheko, na yule bwana akadhani kimechekwa kichekesho chake, akaendelea: "Wengine wanafungua maji wanaanza kuimba."

Dawa aliyotoa ndiyo iliyonimaliza. Akapandisha kipimo hadi nyuzi 65, akaondoa saa ya mchana, akaweka mtindo wa haraka, akasema sasa mtafurahi. Hakuniambia kwamba mashine hii kwa kompresa peke yake inaishia 60, na ukitaka zaidi ya hapo koili ya akiba ndiyo inayomalizia. Koili yenyewe ni ya kilowati 2. Kwa hiyo jioni, watu wakishaoga na jua limeshazama, koili ikawa inajiwasha na kunyonya betri kama haina akili. Mtu akipiga pasi, inveta inapiga kelele na kuzima nyumba nzima. Alfajiri betri imekauka, friji imezima, maziwa yameharibika, na maji ya shawa? Vuguvugu lile lile, labda na chembe ya joto zaidi. Yaani nilinunua kifaa cha kupunguza matumizi ya umeme, kikaletwa mtaalamu, akakigeuza hita ya kawaida yenye bei ya pampu.

Nilipolalamika nikapewa msimamizi. Huyu alikuwa na sauti laini, na sauti laini inaniudhi kuliko ya ukali. Akaniambia wateja wengi hawajui kutumia teknolojia mpya na kwamba pengine paneli zangu ni chache, ningeongeza. Ningeongeza! Na hizo nazo wauzaji ni wao.

Tatizo lilikuja kugunduliwa na kijana wa mabomba niliyemwita kwa jambo jingine kabisa, koki ya jikoni inayovuja. Alipita karibu na tangi akasikia mashine inaunguruma, akaniuliza hii ndiyo ile ya sola. Nikamwaga yangu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kiganja kwenye bomba linalotoka juu ya tangi, akakiondoa upesi. "Hili linaunguza, mama." Akashuka nalo taratibu, akigusa na kuachia, akigusa na kuachia, mpaka kwenye kiungio cha chini. Hapo akaacha mkono kabisa. Bomba lile lile, hatua moja mbele, lilikuwa vuguvugu.

Kumbe mafundi wanapofunga tangi huweka njia ya pembeni, kipande cha bomba chenye koki kinachounganisha maji baridi na bomba la moto, ili siku tangi likitolewa kwa matengenezo nyumba isikose maji. Koki hiyo inatakiwa ifungwe muda wote tangi linapofanya kazi. Ya kwangu ilikuwa imeachwa nusu. Kila tulipofungua maji ya moto, baridi lilikuwa linapenya kando na kuchanganyika nayo kabla hayajafika popote. Kijana akashika mpini mwekundu, akauzungusha kidogo tu, robo ya mzunguko haifiki. Akaniambia nikafungue shawa. Niliunguza mkono, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kuungua.

Robo ya mzunguko. Koki aliyoiweka yule fundi mwenyewe, kwa mkono wake, ikiwa imekaa usawa wa macho yake kila alipokuja. Hakuigusa hata siku moja. Aligusa taulo zangu kwa macho.

Niliwapigia tena, safari hii nikitaka kusikia neno moja tu, samahani. Yule wa sauti laini akasema: "Basi si limekwisha, mama?"

Sasa, kuhusu mashine yenyewe lazima niwe mkweli ingawa moyo hautaki. Ni nzuri. Nimerudisha kipimo 55, nimerudisha saa iwe kuanzia asubuhi jua likishapanda hadi alasiri, koili nimeizima kabisa, na betri inafika alfajiri ikiwa na chaji. Watu wanaoga, sahani zinatakata. Mvua ikinyesha siku nzima pampu inaendelea kwa umeme kidogo unaopatikana, kitu ambacho zile sola za mirija ya kioo zinazopasha maji moja kwa moja haziwezi bila koili. Hapo nawapa haki yao.

Ila pia isiwe nasifia mno. Ina kelele. Si kubwa, lakini ukiiweka nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala utaisikia, na yangu waliiweka hapo hapo. Inatoa hewa baridi na inadondosha maji yanayotokana na unyevu wa hewa. Wao walinyoosha kimpira kikaishia sakafuni, sasa nina ndoo. Na hakuna aliyenieleza kwamba maji ya vuguvugu yakikaa muda mrefu yanalea bakteria wa Legionella, wanaoweza kuleta homa ya mapafu, ndiyo maana inashauriwa tangi lifikishwe nyuzi 60 mara kwa mara. Nilijisomea. Nimeiwekea mara moja kwa wiki, saa saba mchana, jua likiwa kali. Ni jambo la kubonyeza vitufe viwili, lakini yule bwana hakuwa na muda, alikuwa anahesabu waogaji.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ninunue au nisinunue nasema nunua. Halafu nikikumbuka zile asubuhi za friji imezima nasema subiri kwanza, ulizia nani atakuja kufunga, na kama anayekuja hajui kushika bomba kwa mkono, afadhali ubaki na sufuria. Siku ya kufungwa usimwachie fundi aondoke: mfuate bomba kwa bomba, mwambie akuoneshe koki ya njia ya pembeni na aifunge mbele yako, akuoneshe koili inazimwa wapi, na kipimo gani hakitakiwi kuvukwa. Akinuna, anune. Nyota ngapi? Mashine ningeipa nne. Huduma sitaipa hata moja, na nikizichanganya zote mbili sijui napata nini, pengine vuguvugu.

Juzi wameniletea ankara ya ziara za ukaguzi, yaani zile za kutia vidole viwili kwenye shawa. Nimewaandikia kwamba aliyenitengenezea nimeshamlipa, na kwamba wakitaka kudai waje na yule yule fundi wao, avue viatu mlangoni. Hawajajibu.